Plagi ya Chini, Silinda ya Tatu

Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, ndege ndogo ya injini moja ilianguka kwenye shamba la mahindi, hatua mia nne kutoka mwisho wa uwanja wa ndege. Rubani alitambaa nje, mkono umevunjika, akaketi kwenye matuta akitapika.

Saa nne kamili, ndege ikiwa imeshavutwa hadi karakanani, mpelelezi wa ajali alipiga picha injini pande zote, kisha akaamuru ifunguliwe. Pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa na tundu la kupita kidole. Plagi ya chini ya silinda hiyo ilikuwa na ufa kwenye kigae chake cheupe.

"Plagi yenye ufa ncha yake hubaki nyekundu kama kaa," alisema mkuu wa karakana. "Mafuta huwaka kabla ya wakati, pistoni inatoboka. Plagi ya ndege ikianguka sakafuni hutupwa. Nilimfundisha hivyo mwenyewe."

Aliyemsema ni mdogo wa mke wake, fundi aliyesafisha na kufunga plagi zote nane, mbili kwa kila silinda, jana yake. Wenzake walimwita Nukta, maana kazi yake ilikuwa haiishii njiani; aliifikisha hadi nukta ya mwisho.

"Sijaangusha kitu, shemeji," alisema Nukta.

Mkuu alimsukumia karatasi ya kukiri kosa. Ilikuwa imeshachapwa, na mashine iliweka saa kwenye kona: saa tatu na nusu asubuhi ile. Nukta aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Weka sahihi."

"Siweki."

Simu yake ililia. Alikuwa dada yake. "Mume wangu amenieleza. Weka sahihi, mdogo wangu, yaishe. Atakuombea usifukuzwe."

"Kuna mtu nusura afe, dada. Hayaishi kwa sahihi yangu."

Alikata simu, akamgeukia mpelelezi. "Nionyeshe picha ulizopiga kabla plagi hazijatolewa."

Kila alipomaliza kukaza plagi, Nukta aliipaka mstari mwembamba wa rangi ya njano, kutoka kwenye plagi hadi kwenye silinda. Mistari saba ilikuwa imenyooka. Wa nane, wa plagi yenye ufa, ulikuwa umekatika katikati.

"Mtikisiko ungeweza kuigeuza," alisema mpelelezi.

"Mtikisiko hulegeza. Hii imepita alama kwa upande wa kukaza. Mtu aliifungua baada yangu, akaifunga kwa nguvu zake bila kipimo."

Mpelelezi alivuta kiti, akaketi. Kitabu cha getini kilionyesha Nukta aliondoka Ijumaa saa kumi jioni. Aliyebaki na ufunguo wa karakana ni mtunza stoo. Akaitwa.

"Mimi nifungue injini?" alisema mtunza stoo. "Bwana, hata balbu ya jikoni hubadilisha mke wangu. Nilikuwa stoo nikihesabu matairi, mlango wa karakana uko wazi."

"Nani aliazima spana ya plagi?"

"Hakuna. Kitabu hiki hapa."

Wakampigia rubani hospitalini, maana naye alionekana karibu na ndege jioni ile. Sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa.

"Nilifika saa kumi na moja kupima mafuta. Kifuniko cha injini kilikuwa wazi. Nikadhani Nukta bado yuko kazini, nikaenda zangu. Mna swali lingine?"

"Pumzika," alisema mpelelezi.

Nukta alikuwa ameshaitoa ile karatasi mfukoni. Aliilaza mezani, mbele ya shemeji yake.

"Wenye spana zao za plagi hapa ni wawili, mimi na wewe. Mimi saa kumi na moja sikuwepo. Lakini tuache spana. Hapa umeandika kwamba niliangusha plagi ya chini ya silinda ya tatu. Uliandika saa tatu na nusu. Injini imefunguliwa saa nne. Tundu la pistoni halionekani kwa nje, shemeji. Ulijuaje ni plagi ipi?"

Mkuu aliisukuma karatasi kando.

"Kila ndege ikitoka," alisema, "rubani anauliza plagi kafunga nani. Akisikia ni mimi, anaguna. Miaka ishirini na sita, naguniwa kwa ajili ya mwanafunzi wangu. Nilitaka nikukute na kosa, hata dogo. Nikafungua moja. Haikuwa na kosa. Ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni, nikairudisha hivyo hivyo."

"Ungechukua nyingine stoo."

"Ningeandikisha. Wote wangejua nilikuwa nakupekua." Sauti yake ilishuka. "Mimi ni mume wa dada yako. Mpelelezi anaweza kuandika kosa la karakana, asitaje mtu."

Mpelelezi alimtazama Nukta, kalamu imesimama.

"Mtaje," Nukta alimwambia, kisha akamgeukia shemeji yake. "Asubuhi jina langu lilitajwa, na sikuwa na kosa. Wewe umeiona ndege ikipaa na plagi hiyo, ukanyamaza. Hilo ndilo nisilokusamehe. Kuponyokwa kunampata yeyote."

Saa nane mchana Nukta alifika kwa dada yake, kabla mumewe hajarudi. Dada alifungua mlango nusu, macho mekundu. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Umenivunjia nyumba, unakuja kufanya nini?"

"Kukuambia mwenyewe, usisikie kwa watu tu. Ukitaka kunipiga, nipige. Sirudi nyuma."

Dada hakumpiga. Hakumkaribisha pia. Alisimama pale, mkono kwenye kitasa.

"Rubani ana watoto?" aliuliza.

"Watatu."

Dada aliachia kitasa, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi.