Kiatu cha Kushoto cha Babu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliketi mlangoni na ungo mapajani, akichagua mchele wa siku. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, maana alikuwa hafungi mdomo. Lakini mwezi ule alichagua mchele kimya.

Chini ya kitanda cha bibi palikuwa na viatu vya marehemu babu. Cha kulia kilikuwa kimechakaa. Cha kushoto kilikuwa kipya, kwani babu alikatwa mguu huo kwa sababu ya kisukari kabla hajakizoea kiatu hicho, akabaki kuvaa cha kulia tu. Bibi alivipaka rangi vyote viwili kila wiki. Chiriku alipofagia, alikikwepa kile kipya. Aliona kama kinasubiri mguu.

Sasa bibi naye alikuwa na kisukari, na macho yake yalikuwa na ukungu. Muuguzi wa zahanati alimshauri aache wali mweupe, ale mwekundu kwa kiasi, pamoja na maharage na mboga, huku akimeza dawa zake. Tangu hapo wote wawili walikula wali mwekundu. Shuleni, Chiriku alipofungua kopo lake la chakula, wenzake walipiga kelele.

"Wali wa matofali! Fundi, lete saruji!"

Jumamosi moja alibeba mchele hadi kwa mjomba wake, mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Mjomba, bibi anaomba uupitishe tena."

"Tena? Si utakuwa mweupe?"

"Ndivyo anavyotaka."

Mashine ikanguruma. Pumba nyekundu zikamwagika sakafuni, na mchele ukatoka mweupe. Jioni bibi alitafuna akatabasamu. "Leo wali ni laini, mjukuu wangu. Mikono yako ibarikiwe." Chiriku akasukuma sahani yake kando.

Wiki tatu baadaye, bibi alijishika mguu wa kushoto. "Unawaka, kama nimekanyaga makaa."

Chiriku akashtuka. Hayo yalikuwa maneno ya babu siku chache kabla ya kukatwa mguu, neno kwa neno. Alikimbilia chumbani kuchukua kanga ya bibi, akakuta kile kiatu kipya kimetoka mvunguni, kimeelekea mlangoni. Alijua bibi ndiye aliyekiacha hapo baada ya kukipaka rangi. Hata hivyo alikizunguka kwa mbali, akanyakua kanga na kutoka mbio.

Kwenye zahanati, kipimo cha sukari kilisoma kumi na nne, juu sana.

"Bibi, umerudia wali mweupe?" muuguzi aliuliza.

"Sijagusa, mwanangu. Muulize mjukuu wangu, ndiye anayepika. Huyu hanidanganyi."

Chiriku akapiga magoti.

"Nimekudanganya, bibi. Niliupeleka mchele ukakobolewa tena. Wenzangu shuleni walikuwa wananicheka." Akalia. "Usikatwe mguu!"

Bibi alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha mjukuu wake, akakishikilia.

Muuguzi alikagua mguu, kidole kwa kidole. "Hauna kidonda. Mmewahi." Kisha akamgeukia Chiriku. "Lile ganda jekundu lina nyuzinyuzi. Linafanya chakula kimeng'enywe taratibu, na sukari ipande polepole. Ulipoliondoa, uliondoa breki. Lakini wali mwekundu si dawa. Ukijaza sahani, sukari itapanda tu."

Walirudia wali mwekundu, na mwezi uliofuata kipimo kilishuka hadi nane. Shuleni kelele zilipoanza, Chiriku alisukuma kopo lake mbele. "Matofali haya! Karibuni mjenge mwili." Mmoja akaonja, kisha akaomba tena.

Jioni hiyo bibi alitoa rangi ya viatu. Kwa mara ya kwanza, Chiriku alikishika kile cha kushoto, akakisugua mpaka kikang'aa.

"Babu yako alificha maumivu yake mpaka tukachelewa," bibi alisema. "Wewe ulisema, ndiyo maana mguu wangu uko hapa. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Ukweli wako ulinitibu kabla ya dawa."

Chiriku akarudisha viatu mvunguni, vyote viwili, kisha akaanza kusimulia habari za shule, akasimulia mpaka bibi akamwomba apumzike.