Nzuri, Ila

Paskali alikuwa akichagua zabibu soko la Majengo, Dodoma, tai shingoni na jasho usoni, aliposikia kicheko nyuma yake.

"Kaka, hizo ni za mvinyo. Ukizila utakunja uso mpaka Krismasi!"

Akageuka. Gauni la kitenge cha njano, macho makubwa yasiyo na haya. Basi, kwisha habari yake! Emiliana alikuwa mwalimu huko Hombolo, na haukupita muda baba yake, Mzee Matonya, akapokea posa.

Kazi ya Paskali ilikuwa kupima kama mfumo wa serikali wa haki za binadamu unawasaidia kweli wanaopeleka malalamiko. Kazi ya maana, nani atabisha? Lakini ilimteka. Siku moja alimpigia mchumba wake akiwa mlangoni mwa ukumbi.

"Habari za nyumbani, laazizi?"

"Nzuri, ila..."

"Afadhali! Nitakupigia baadaye mpenzi, naingia kikaoni."

Alipokuja kukumbuka kumpigia, Mzee Matonya alikuwa ameshazikwa, na Emiliana hapokei simu.

"Nilimuuliza mwenyewe, akasema nzuri!" alimlalamikia Hilda, mwenzake wa kazini.

Hasira hizo akaenda nazo kijijini Busi, kwa bibi mmoja ambaye mwanawe alipigwa akiwa mahabusu. Maofisa waliomhoji kwanza waliandika kwamba bibi ameridhika.

"Shikamoo, bibi. Walikuhudumia vipi?"

"Marahaba. Vizuri, baba." Bibi akamsogezea kigoda. "Ila mwanangu hasimami mpaka leo, na hakuna aliyeingia ndani kumwona."

"Mbona wale wa kwanza hukuwaambia?"

"Nilianza, mjukuu wangu. Waliposikia vizuri, wakaondoka."

Jamani! Mtoto wa Dodoma, asiyejua kwamba hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme lake? Aibu ilimshika Paskali hadi akashindwa kuandika. Kesho yake alikuwa Hombolo.

Emiliana alimpokea uani, khanga nyeusi kichwani.

"Umefuata nini?"

"Radhi, Emi. Ulikuwa unaniambia, nikakukatiza."

"Baba alikuulizia mpaka anakata roho. 'Mkwe wangu yuko njiani?' Nikamdanganya kwamba ndiyo."

"Kama bado unanitaka..."

"Usiniambie mimi. Kamwambie yeye."

Akamwongoza hadi kaburini, kando ya shamba la zabibu. Paskali akapiga magoti kwenye udongo mwekundu.

"Shikamoo, baba."

Akainamisha kichwa, akalia bila kujizuia. Emiliana alisimama nyuma yake, machozi yakimtoka naye. Kisha akaitikia kwa niaba ya marehemu.

"Marahaba, mwanangu. Umefika."