Sumaku ya Mtandio

Ijumaa, saa 5:40 asubuhi. Hockley, Birmingham.

Katika chumba cha nyuma cha duka la mazulia, Keinan alichora karakana ya Kiran kwenye boksi la biskuti. Mlango wa kushusha mbele. Kitufe cha king'ora ukutani. Rafu ya tatu.

"Ijumaa Kiran anatoka saa saba, anaenda kula kwa mama yake Great Barr," alisema. "Saltley yote imejaa magari ya watu wa msikitini. Nani ataiona vani yetu?"

Cyriaque, dereva, aliuliza kitu chenyewe kinafananaje. Keinan akamwelekezea Nurto kidevu.

Nurto alikuwa fundi wa Kiran miaka sita. Aliwaeleza bila kupamba. Silinda hedi, kichwa cha injini ya V8 ya Kimarekani, mwaka 1968, ya majaribio. Kiwanda kilitengeneza chache kikaghairi. Za kawaida namba zake hutoka na kalibu, madini yanapomiminwa. Hii namba yake imegongwa kwa nyundo, na mbele kuna X. Ila rafuni ziko mbili zenye X, zote rangi ya chungwa. Moja Kiran aliigonga X mwenyewe, kuwapoteza wezi.

"Utazitofautisha vipi?" Keinan aliuliza.

"Kwa sumaku."

Hakueleza sumaku itaonyesha nini. Wala hakusema kilichomleta. Hedi ile aliiokota yeye kwenye vyuma chakavu, akaitambua yeye. Kiran alimwambia ni takataka. Miezi miwili baadaye gazeti la wapenda magari lilisifu jicho la Kiran kwa kuigundua. Nurto alipouliza jina lake liko wapi, akafukuzwa.

Saa 7:12 mchana. Saltley.

Nurto alifika akisukuma kigari cha mtoto. Ndani hamna mtoto, blanketi tu.

"Mama Hamdi, umekuja kuiba au kliniki?" Keinan alimtania kwa jina la mwanawe.

"Pisha, Keinan."

Cyriaque alifungua kufuli la mlango kwa waya, Nurto akabonyeza namba za kuzima king'ora. Zilikuwa zilezile. Kiran hakuwahi kumwona kuwa mtu wa kuogopwa.

Saa 7:16.

Alichomoa sumaku ndogo iliyobana mtandio wake chini ya kidevu. Akaigusisha hedi ya kushoto. Ikateleza, ikaangukia kiganjani. Akaigusisha ya kulia. Ikanasa.

"Imeshika," Keinan alinong'ona. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

Wanaume wawili waliibeba wakiguna hadi kwenye vani. Nurto alipogeuka kuwafuata, Keinan alikuwa amerudi. Alimsukuma, akabonyeza kitufe ukutani. King'ora kikalia.

"Samahani, dada. Polisi wakipata mmoja, wanatulia. Cyriaque, shusha mlango. Piga kufuli."

Cyriaque alishusha polepole. Macho yake yalikutana na ya Nurto kabla mlango haujagota sakafuni. Vani ikaondoka.

Cyriaque hakupiga kufuli.

Saa 7:19.

Nurto alinyanyua hedi ya kushoto. Uzito wake nusu ya ile nyingine. Akailaza kwenye kigari, akaifunika hadi shingoni kama mtoto mwenye mafua. Akainua mlango. Akatoka.

Barabara ya Alum Rock ilijaa watu wanaowahi swala ya pili ya Ijumaa. Mzee mmoja alimsaidia kupandisha kigari ukingoni. Akasema mtoto ana afya, mashallah.

Saa 8:05.

Simu ikaita. Keinan.

"Mnunuzi ananicheka, Nurto. Anasema hiki ni chuma tu."

"Ni chuma."

"Sumaku ilishika!"

"Ya majaribio ni ya aluminiamu, Keinan. Sumaku haishiki aluminiamu. Unaiba injini, hata hilo hulijui?"

Keinan alitukana. Kisha akamtishia Nurto, kwa sauti ya chini, kwamba Kiran akifungua mlango tu atajua ni nani. Atamtaja kwa polisi.

Nurto alisimamisha kigari. Akabana mtandio wake upya kwa sumaku.

"Amtaje nani mwingine? Birmingham nzima hakuna mwingine aliyeitambua hedi ile kwenye vyuma chakavu," alisema. "Safari hii atalitaja jina langu."