Jina Alilolileta Andati

Chumvi ndiyo iliyotangulia. Andati hakuwa hata amevua viatu vya safari, pale nyumbani kwake karibu na Butere, mkewe Khalayi alipompa maji ya mtungini. Akayatema.

"Haya maji yana chumvi."

"Siku tatu tu pwani, na ulimi umekuwa wa huko?" Khalayi akamcheka. Kisha naye akaonja, na kicheko kikamkauka. Papo hapo binti yao wa wiki tatu, ambaye bado hakuwa na jina, akaanza kulia.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipokuwa miwa kweli. Shamba la Andati lilikuwa limeshinda kwa tani, na kiwanda cha sukari kikampeleka na wakulima wengine watatu kustarehe kwenye hoteli ya ufukweni. Huko wakapakiwa kwenye boti asubuhi moja, kwenda kutazama samaki kwenye matumbawe. Osman, mwenye boti, akawagawia miwani ya majini na mirija ya kupumulia. Wenzake wakakataa katakata. Lusweti, mmoja wao, alisema yeye ni mtu wa mto Nzoia, na hata huo huuvuka kwa daraja. Andati, kwa kupenda sifa, akaingia.

Akaelea kifudifudi akifurahia samaki wa manjano waliopita chini ya kifua chake. Kisha kwenye mrija, badala ya pumzi yake, akasikia sauti ya mwanamke ikitaja jina moja tu, tena na tena, kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango: Sauhari. Sauhari. Alirudi botini haraka, akauliza ni nani aliyekuwa akiita.

"Umeitikia?" Osman akamnong'oneza.

"Hapana."

"Alhamdulillahi. Basi jina hilo usilitaje kamwe, bwana. Huyo hana kwao. Anatafuta wa kumwita tu."

Sasa mtoto alilia siku tatu, hanyonyi, halali. Mama yake Andati, mzee Awinja, hakuona ajabu. "Mtoto akilianga hivi anaitisha jina," alisema. "Kuna mtu wetu anataka kurudi." Ndiyo desturi yao: huita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake.

Wakaita. Nanjala, mtoto analia. Khasoa, analia. Were, mkunga wa kale, analia. Wakamaliza wa upande wa baba, wakahamia wa upande wa mama. Mchana ule harufu ya molasi kutoka kiwandani, waliyoizoea kiasi cha kutoisikia, ilikuwa imetoweka, na mahali pake nyumba ilinuka mwani na samaki, na sakafuni, kutoka mtungini hadi kitandani kwa mtoto, zilionekana nyayo ndogo za maji ambazo Khalayi alizipangusa zikarudi, akazipangusa tena zikarudi, huku sauti ya mtoto ikififia kama taa iliyoishiwa mafuta, na midomo yake ikigeuka kijivu mbele ya macho yao.

"Mwana wangu anakufa!" Khalayi alilia. "Andati, hakuna mwingine? Hata wa mbali?"

Andati alikumbuka onyo. Alilikumbuka vizuri sana. Lakini mfa maji hukamata maji, na yule alikuwa mtoto wake wa kwanza.

"Sauhari," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Mzee Awinja akapiga vigelegele. Mtoto akashika titi, akanyonya kwa nguvu. "Ni nani huyo wenu?" Khalayi akauliza huku machozi ya furaha yakimtoka.

"Shangazi wa zamani," Andati akadanganya.

Siku ya pili Khalayi akamvuta kando. "Andati, ulimi wa mtoto ni baridi. Na hapepesi macho." Andati aliogopa hata kumtazama. Akaenda Mumias kumleta Maalim Dauda, aliyesifika kwa kutoa majini, na njiani akamwambia yote.

Maalim alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akakifunga kitabu chake bila kukisoma.

"Mlimwita kama mnavyowaita wafu wenu?"

"Ndiyo, Maalim."

"Mkamshangilia. Mkampa titi." Akavaa viatu. "Jini akiingia kama mwizi, namtoa. Huyu mmempa jina la ukoo. Ni mwenyeji hapa. Nitamtoa nimpeleke wapi?"

"Na binti yangu?" Andati akapiga magoti. "Maalim, binti yangu yuko wapi?"

Maalim aliutazama mtungi, akatoka.

Andati akafunua kifuniko. Chini kabisa, kwenye kina kisichoweza kuwemo katika mtungi wowote, mtoto mchanga alikuwa akilia, na Khalayi aliyekuwa nyuma yake akaitambua sauti, akaanguka. Andati akainama mpaka uso ukagusa maji ya chumvi. Alijua la kufanya: amwite, kama ukoo wake ulivyoita siku zote, naye atarudi. Akafungua mdomo.

Amwite nani? Jina la mwanawe alikuwa ameshampa mwingine, na huyo mwingine alikuwa kitandani, akimtazama bila kupepesa macho.