Wimbo wa Kuaga Ulitangulia

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mto Atrato wakati Yirlesa alipotoka kwa Wilder, kinyozi ambaye pia huchoma CD za nyimbo, akiwa na CD moja ndani ya mfuko wa mkate.

"Nyimbo zote za msiba zimo," Wilder alikuwa amemwambia. "Bonyeza tu, deki itaimba yenyewe. Haitaomba hata kahawa."

Yirlesa hakucheka. Ilikuwa jioni ya tisa tangu bibi yake, Mama Cleotilde, azikwe. Jioni hiyo ndiyo marehemu huagwa kwa wimbo, madhabahu yake ikabomolewa, naye akaenda zake. Bibi alikufa vibaya. Shangazi Eneida, bintiye wa kumzaa, alimwacha aozee kitandani, na bibi alipolia alimzaba kofi. Yirlesa alitaka kitu kimoja tu: bibi apumzike.

Waimbaji wangekuja. Lakini kiongozi wao, bi kizee Doña Fidelina, ndiye aliyeosha maiti. Aliona vidonda vya mgongoni, akamtazama Eneida usoni. Tangu hapo Eneida alimpiga marufuku nyumbani kwake.

"Umerudi, kiguu na njia?" shangazi alimpokea. "Weka hiyo CD tumalize. Hata amekufa bado anatusumbua."

Madhabahu ilikuwa shuka jeupe ukutani, utepe mweusi uliofungwa kama kipepeo, na mshumaa. Majirani hawakuja hata mmoja. Yirlesa akabonyeza.

Wanawake wa kwenye CD wakaanza kuimba. *Nenda, mama, usigeuke nyuma...*

Yirlesa akamgeukia Eneida.

"Shangazi, huu ni wa mwisho! Wilder kaziingiza kinyume. Kama wa kuaga umetangulia, basi wa mwisho utakuwa..."

Akashindwa kuutaja. Wimbo wa kumwita marehemu aje akae na wafiwa huimbwa jioni ya kwanza. Jioni ya kwanza tu.

"Ngoja nizipange, shangazi..."

"Gusa uone." Eneida alikuwa ameshaanza kung'oa shuka. "Kaagwa, kaenda. Acha zicheze, nifagie na muziki."

Akapuliza mshumaa. Deki ikaendelea. Kila wimbo ulipoisha CD ilikwaruza ndani, krr... krr... kama kucha kwenye mbao.

Yirlesa akanyoosha mkono kuizima. Mpini wa ufagio ukamshukia vidoleni.

Ndipo wimbo wa mwisho ukaanza.

*Njoo, mama, mlango u wazi...*

Ulipokwisha, nyumba ilinyamaza. Halafu ikaja harufu. Kafuri ya kuoshea maiti. Na chini ya kafuri, vidonda.

Chumbani, kitanda cha bibi kikalia.

"Nani... kaniita?"

Ilikuwa sauti ya bibi. Ufagio ukaanguka.  Eneida akamnyooshea Yirlesa kidole.

"Yirlesa, mama. Ndiye aliyebonyeza. Mimi simo."

Yirlesa alikimbia pekupeku hadi kwa Doña Fidelina, akamvuta kwa mkono. Bi kizee alifika kwenye ngazi ya nyumba, akanusa, akarudi nyuma.

"Muage, Doña Fidelina. Nakupigia magoti."

"Ameshaagwa, binti yangu. Mtu haagwi mara mbili." Hakumtazama machoni. "Akiitwa baada ya hapo, ni wa huyo aliyemwita."

"Umesikia?" Eneida alisema kutoka mlangoni, karibu kwa furaha. "Ni wako."

Siku hizi giza likiingia, Eneida humsukuma Yirlesa chumbani na kufunga kwa kufuli kwa nje. Kisha huenda kulala, na mkoromo wake husikika hadi barabarani.

Jana usiku Yirlesa aliketi ukingoni mwa kitanda. Godoro lilibonyea taratibu nyuma yake, ingawa hakuna aliyepanda.

"Baridi, mjukuu wangu."

Akamfunika blanketi. Akamfunika shuka. Akavua sweta lake, akalitandaza juu.

"Bado baridi."

"Hakuna tena, bibi. Nimekupa vyote."

Vidole vikamgusa mkononi. Vikapanda begani... polepole... vikasimama shingoni, pale penye joto, mshipa unapopiga.

"Bibi, ni mimi. Mimi niliyekupenda."

"Najua," sauti ikanong'ona. "Sogea karibu."