Mzigo Ufike Umekufa

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena.

Ylva Rosengren aliipokea bila kutaja jina.

"Huko Lund theluji imefika wapi?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Magotini."

"Basi vaa viatu virefu."

Ilikuwa amri. Torkel, mkuu wake katika idara ya ujasusi ya Sweden, hakuwahi kumpigia kuulizia hali ya hewa.

Walikutana ndani ya Volvo ya kijivu, nyuma ya kituo cha treni.

"Kuna mtu anaitwa Krister Wendel," Torkel alisema. "Ana fuwele za protini zilizoibwa maabara. Protini ya sumu. Atakayezipiga eksirei ataona umbo lake lote, kisha ataibadili sumu hiyo mpaka dawa yetu isifue dafu."

"Mkamateni."

"Namtaka mnunuzi, na hatumjui. Wendel alikodi fundi wa kuzigandisha fuwele kwa safari, maana zikipata joto zinaoza. Hawajaonana. Fundi huyo tunaye sisi. Utakwenda wewe badala yake. Mzigo uondoke, Ylva. Lakini ufike umekufa."

"Mimi hata samaki sijui kugandisha."

"Jifunze. Ila usimuulize mtaalamu yeyote. Wendel ana masikio kila maabara."

Alijifungia katika nyumba ya kupanga, mapazia yameshushwa. Masomo yalikuwepo mtandaoni, bure kabisa: video, picha, maelezo ya vyuo. Aliyempenda zaidi alikuwa mama mmoja wa Grenoble mwenye mikono isiyotetemeka. Ylva alimsikiliza hata wakati wa kula.

"Mkikwama, rudini mwanzo," mama yule alisema mwisho wa kila somo.

"Sawa," Ylva alijibu.

Kwa siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote.

Alifanya mazoezi kwa fuwele za protini ya ute wa yai. Chini ya hadubini zilimeremeta kama chembe za chumvi. Unavua moja kwa kitanzi chembamba kama unywele. Unaichovya kwenye gliserini ili maji yake yasigeuke barafu. Unaitumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika. Upesi. Ikiwa angavu kama kioo, imepona. Ikiwa nyeupe kama maziwa, barafu imeiua.

Zake zilikuwa maziwa.

Tena maziwa.

Kosa alilipata katika somo ambalo hakuna mtazamaji aliyeliandikia neno. Juu ya naitrojeni hutanda hewa baridi. Chombo kisipojaa hadi ukingoni, fuwele hupita kwanza katika hewa hiyo, hupoa polepole, huharibika. Hasa gliserini ikiwa kidogo.

Alijaza chombo. Fuwele ikawa kioo.

Ylva alicheka, akageuka amwonyeshe mtu. Mlangoni lilining'inia koti lake tu.

Ghala la Wendel lilikuwa Helsingborg, jirani na gati la feri za Denmark. Walther yake Ylva aliiacha kwenye Volvo. Fundi habebi bastola.

Mlinzi alimpekua. Wendel, mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, alimtazama toka juu hadi chini.

"Nilidhani fundi ni mwanamume."

"Na mimi nilidhani kuna kahawa."

Wendel alitabasamu kidogo. "Gliserini usizidishe. Hizi zinayeyuka. Haya, onyesha."

Chombo kilikuwa kimejaa. Ylva alivua, akachovya, akatumbukiza. Wendel aliinamia hadubini.

"Kioo," alisema. "Una mkono mzuri, dada."

Akaenda dirishani kuangalia feri. Mlinzi akabaki, mkono kwenye mkanda wa bastola.

Ylva aliendelea. Naitrojeni ilifuka moshi mweupe na kupungua. Hakuongeza. Kila fuwele ilishuka kupitia ile hewa baridi, ikafa kimya.

"Mbona huongezi?" mlinzi aliuliza.

Wendel aligeuka.

"Ongeza wewe," Ylva alisema bila kuinua macho. "Vidole vikikatika, usinililie."

"Mimi siigusi hiyo."

"Basi niache nifanye kazi."

Wendel alirudi kwenye dirisha lake. Ylva aliinua ile fuwele ya kwanza, kana kwamba anaipanga na wenzake, akaiacha hewani kwa pumzi moja. Akairudisha ikiwa nyeupe. Akazihamishia zote kwenye chupa ya safari, akafunga kifuniko.

Feri iling'oa nanga na Wendel ndani, chupa ya mzigo kifuani kama mtoto mchanga.

Ylva alibonyeza simu ya upepo. "Mzigo umeondoka."

"Hali yake?"

"Umekufa."

"Wote?"

"Wote, Torkel."

Mnunuzi alipopiga eksirei, aliona duara za barafu tu, umbo la protini halikuonekana. Hasira zilimshinda. Alimpigia Wendel kwa simu yake mwenyewe, akamtukana muda mrefu, na watu wa Torkel, walioinasa simu ya Wendel, wakisikiliza. Polisi walimkuta Rotterdam, simu ingali mkononi. Wendel alikamatwa Copenhagen akinywa chai.

"Kazi safi," Torkel alisema garini. "Nenda ukapumzike na watu wako."

"Naam."

Alishuka, akainua ukosi wa koti, akavuka uwanja wa theluji bila kutazama nyuma. Mbele palikuwa na mkahawa uliojaa taa na vicheko. Mhudumu alimpokea mlangoni.

"Karibuni. Mko wangapi?"

"Mmoja," alisema Ylva, akachagua kiti kinachotazama mlango.