Trente-sept kutoka Kalehe

Haya yalimpata jirani yetu wa Muhumba, papa Xavier, mtu asiyejua kusema uongo. Vita vya pili vya huku kwetu vilikuwa bado vichanga. Asubuhi moja ya jua alikuwa ofisini kwao, wanakochunguza ziwa, akiunganisha mashine mpya. Kule Kalehe mwenzake Philémon alikuwa ametia majini sonde, kijiti cha chuma kinachopima joto. Kila saa kipimo kilikuja kwa redio ndogo ya sonde yenyewe mpaka kwa Xavier, na mashine yake ikakichapa na kukipeleka kituo kikuu.

"Siku phonie itakufa," Philémon alimtania kwenye phonie, redio yao ya kuongelea, "nitatia hii sonde mu kwapa. Ukiona trente-sept, 37, joto ya mwili wa mutu, ujue niko muzima, utume watu."

Wakacheka weee!

Kisha radi zikaanza kuharibu namba. Xavier akaiamuru mashine itupe kapuni, kisanduku cha chini yake, karatasi ya namba yoyote inayopita thelathini, maana Ziwa Kivu halifiki huko hata siku moja. Akasahau.

Mwezi uliofuata vita vikafika Kalehe. Barabara ikafungwa, phonie ikanyamaza. Kila saa kumi alasiri Euphrasie, mke wa Philémon, alisimama mlangoni.

"Papa Xavier, Kalehe inasema nini?"

"Hakuna kitu, maman. Iko kimya."

Siku tatu hivyo. Siku ya nne, mama huyo akiwa hapohapo, mashine ikachapa: 29.

"Inasema!" Xavier aliruka. "Philémon iko!" Euphrasie akapiga magoti, akamshukuru Mungu huku analia.

Alipoondoka, saa iliyofuata ikachapa 27, kisha 24. Xavier akajiuliza. Kwa nini inashuka? Akafungua kapu.

37. 37. 38. 39. Saa baada ya saa. Usiku na mchana. Siku tatu nzima.

Akakumbuka kwapa. Akakaa chini, akazihesabu karatasi.

Watu wa Kalehe walileta maiti ya Philémon baada ya juma moja. Alikuwa amejificha kwenye matete, na risasi pajani. Walisema sonde ilibidi waivute kwapani mwake kwa nguvu. Matanga yakafanywa. Xavier akachoma karatasi za kapu, hakumwambia mtu. Sonde akaikata waya, akaifungia kabatini Euphrasie akiona, akaweka ufunguo mfukoni.

Siku ya arobaini, saa kumi alasiri, mashine ikachapa.

Kalehe. 37.

Mashine haikuitupa kapuni. Iliipeleka kituo kikuu.

Xavier aliinama kuisoma tena. Hakusikia mlango. Euphrasie alikuwa nyuma yake, anaisoma ile karatasi; utani wa kwapa mumewe alishamsimulia.

"Fungua kabati," alinong'ona.

Akafungua. Mama akaitoa sonde, akaigusisha shavuni. Akafumba macho.

"Iko na joto, papa Xavier."

Xavier akaangalia kapu. Mama akayafuata macho yake.

"Aliita mara ngapi?"

Papa Xavier ni mzee sasa. Njoo Muhumba, utamwona. Hajavua koti tangu siku ile, hata jua likiwaka vipi. Mkewe anasema kwapani mwake pana alama nyembamba, ndefu kama kijiti, na pako baridi kama maji ya ziwa.